Ufunguo uko kwa nani? Riwaya nne za Kifaransa za karne ya 18, na ipi uanze nayo

Barua ya kwanza kabisa ya Les Liaisons dangereuses inaandikwa na binti aliyetoka shule ya watawa juzijuzi. Cécile anamsimulia shoga yake aliyebaki huko: sasa ana chumba chake mwenyewe, ana kijichumba cha pembeni, na ana meza nzuri ya kuandikia ambayo amekabidhiwa ufunguo wake, afungie humo chochote atakacho. Furaha tupu. Ukifika barua ya 61, mama mtu ameingia chumbani na kuutaka ufunguo ule. Cécile anajifanya hauoni. Mwishowe anautoa, na droo ya kwanza mama anayofungua ndiyo hiyo hiyo iliyojaa barua za kijana anayempenda.

Watu wengi huniuliza waanze na kitabu gani katika riwaya za walibertini wa Ufaransa. Mmoja kasikia habari zake darasani wakisoma Zama za Mwangaza, enzi ya wanafalsafa wa karne ya 18, mwingine kaona filamu, mwingine anataka tu kujua kwa nini falsafa na mambo ya chumbani vilikaa kwenye jalada moja. Kwa kweli vilikaa hata kwenye bunda moja. Wauza vitabu wa enzi hiyo, walipoagiza kwa magendo vitabu vilivyopigwa marufuku, waliviita vyote “vitabu vya falsafa”, kiwe cha kumkana Mungu au cha kusimulia ya kitandani.

Neno lenyewe lilianza mbali. Kilatini kilimwita libertinus mtumwa aliyeachwa huru. Katika Kifaransa cha karne ya 17, libertin akawa mtu anayekataa Kanisa limfikirie kwa niaba yake, na kufikia karne ya 18 neno limeshateleza hadi kwa mtu asiyejinyima tamaa. Riwaya hizi zinachezea katikati ya maana hizo mbili.

Nimechagua nne, na zote nitazipima kwa maswali yale yale.

La kwanza ni chumba: tuko wapi, na nani ameshika ufunguo? Kwangu hili ndilo swali kubwa. Karne ya 18 matajiri wa Paris walianza kugawa nyumba zao upya, vyumba vikubwa vya kupokea wageni vikazungukwa na vijichumba vya mtu mmoja au wawili. Boudoir, chumba cha faragha cha mwanamke, jina lake limetokana na kitenzi cha kununa. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata chumba cha kununia. Faragha mpya kama hiyo ina pande mbili. Mlango unaomfungia mtu nje ndio unaomfungia mwanamke ndani.

La pili: mwanamke anafikiri mwenyewe, au anafundishwa kufikiri? La tatu ni ugumu wa kusoma, yaani urefu, lugha na ukali wa yaliyomo. La mwisho, kinamfaa nani.

Jambo moja liwekwe wazi mapema: waandishi wote wanne, kadiri tujuavyo, ni wanaume. Kila “mimi” ya kike humu imetoka kwenye kalamu ya kiume. Hilo halinizuii kuvisoma, ila linanifanya nisome jicho moja likiwa wazi.

Thérèse philosophe (1748)

Kilitoka bila jina la mwandishi. Wengi humtaja Jean-Baptiste de Boyer, marquis d'Argens. Kinaanzia kwenye kesi ya kweli. Mwaka 1731 mahakama kuu ya Aix-en-Provence ilisikiliza shauri la Catherine Cadière, binti wa Toulon, na padri aliyemwongoza kiroho, Mjesuiti Jean-Baptiste Girard, aliyeshtakiwa kumharibu kwa kisingizio cha utakatifu. Majaji waligawanyika nusu kwa nusu, padri akanusurika. Mwandishi akapindua herufi tu: Girard akawa Dirrag, Cadière akawa Éradice.

*Chumba na ufunguo.* Kwa sehemu kubwa ya kitabu Thérèse hana ufunguo hata mmoja. Ana macho na masikio. Éradice mwenyewe ndiye anayemficha kwenye kijichumba ili ashuhudie jinsi Mungu anavyomshukia. Anachoshuhudia Thérèse ni padri akimdanganya binti anayeomba kwa moyo wake wote. Baadaye anajificha kichakani bustanini, halafu nyuma ya pazia la kitanda, kuwasikiliza Madame C. na Padri T. Hawa wawili ni wapenzi, na kila wakipumzika wanajadili dini na maumbile. Elimu yake yote, basi, ni ya kuchungulia.

*Nani anafikiri.* Hapa kitabu kinanoga kuliko sifa yake ya uchafu. Hoja zake ni za watu walioamini kwamba mwanadamu ni mwili tu: utashi si huru, tamaa tumepewa na maumbile, kwa hiyo hakuna dhambi pasipo kudhuru jamii. Mhadhiri ni mwanamume, lakini anayeuliza maswali magumu ni Madame C. Yeye hakatai ndoa kwa falsafa ya hewani. Amewahi kuponea chupuchupu kwenye uzazi na hataki kurudi kule. Woga huo wa kufa kwa kuzaa ndio hoja nzito kuliko zote kitabuni, na nadhani mwandishi mwenyewe hakujua uzito wake. Madame C. anapouliza kwa nini basi wasiwaambie watu wote ukweli huu, padri anashtuka: la hasha, ukweli ni wa wachache. Thérèse anaandika kila kitu.

*Ugumu.* Si kirefu na Kifaransa chake ni chepesi, lakini kina sehemu zilizo wazi kabisa. Usikisome kwenye daladala mtu akiwa begani kwako. Sehemu ya katikati, ambapo kahaba mstaafu anasimulia wateja wake, ina kurasa za kupitia haraka.

*Humfaa nani.* Mwanafunzi wa historia ya mawazo, na yeyote anayetaka kuona hoja dhidi ya Kanisa zilivyowafikia wasomaji ambao wasingefungua kitabu cha falsafa asilani. Mwanahistoria Robert Darnton amekichambua kwa kina katika utafiti wake wa vitabu vya marufuku vilivyouzwa sana kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, na ameweka humo vipande virefu kwa Kiingereza.

La Petite Maison (1758, ikarekebishwa 1763)

Jina la kitabu hiki cha Jean-François de Bastide maana yake ni “Nyumba Ndogo”, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kucheka. Ila tofauti ipo. Kwetu nyumba ndogo ni mwanamke. Kwao ilikuwa jengo, nyumba ya anasa pembezoni mwa mji aliyoijenga bwana mkubwa kwa ajili ya kukutana na wanawake, na hakuna aliyeishi humo.

*Chumba na ufunguo.* Ufunguo ni wa mwanamume, na chumba ndicho mtongozaji. Trémicour anawekeana dau na Mélite, mwanamke mwenye msimamo, kwamba akiitembelea nyumba yake hatatoka alivyoingia. Kisha kitabu kizima ni matembezi ya chumba kwa chumba. Boudoir imezungukwa na vioo, na viungo vya vioo vimefichwa na magogo ya miti ya kuchonga yenye majani, mishumaa ikimulika katikati ya matawi. Rangi ya ukutani inanukia urujuani, yasmini na waridi. Nyuma ya ukuta mwembamba kuna ujia, na ndani ya ujia wamekaa wanamuziki wasioonekana. Wakati wa chakula cha usiku meza inazama sakafuni hadi jikoni, na meza nyingine iliyoandaliwa inashuka kutoka orofa ya juu kuziba tundu. Hapahitajiki mtumishi, maana yake hapana shahidi.

*Nani anafikiri.* Mélite si mjinga. Ametumia miaka akijielimisha katika sanaa, na anamtambua fundi kwa kazi yake: hii ya mchoraji Boucher, ile ya fulani. Kinachoniuma ni kwamba elimu hiyo ndiyo mtego. Mwanamke asiyejua thamani ya michoro ile angepita tu na kwenda zake. Kila akizidiwa anaomba kutoka bustanini apate hewa, na bustani nayo imetegwa. Sentensi ya mwisho ya toleo la 1763 inasema kwa ufupi mkavu kwamba alitetemeka, akafadhaika, akashusha pumzi, akashindwa dau. Falsafa haisemwi na mtu yeyote, imejengwa ukutani: fikra za wakati ule kwamba akili yetu yote huingia kupitia hisi, mwandishi ameziweka kwenye mipango ya nyumba.

*Ugumu.* Ni hadithi fupi, hakuna neno chafu hata moja. Kinachochosha ni orodha ya mafundi na vifaa. Baadhi ya kurasa zinasomeka kama katalogi ya fanicha. Bastide alikuja kushirikiana na msanifu majengo Jacques-François Blondel kwenye kitabu kingine, na hilo linaonekana mapema.

*Humfaa nani.* Wasanifu, wapambaji, wachora ramani za nyumba. Na wale wanaosema “mazingira hayana maneno”.

Point de lendemain (1777, ikarekebishwa 1812)

Mwandishi wake, Vivant Denon, alikwenda Misri na Napoleon mwaka 1798 na baadaye akaongoza jumba la makumbusho la Louvre. Ni mtu wa kuelekeza wageni ndani ya vyumba vya thamani, na hadithi yake inafanya hivyo hivyo.

*Chumba na ufunguo.* Kijana wa miaka 20 yuko kwenye opera. Madame de T. anamchukua garini hadi kasri la mumewe kando ya mto Seine. Usiku wanatembea bustanini, na mbele ya banda la starehe bibi anasikitika: ole wao, hana ufunguo. Wanasogea wakizungumza. Banda liko wazi. Nimesoma mahali hapo mara nyingi na bado natabasamu, kwa sababu hapo ndipo unapojua nani anaongoza usiku huu. Baadaye anampitisha mlango uliofichwa ukutani hadi kijichumba cha vioo ambacho kasri lote halikioni. Ufunguo, safari hii, ni wa mwanamke. Lakini nyumba ni ya mume.

*Nani anafikiri.* Mwanamke, na hatoi hotuba. Asubuhi anatokea mpenzi wake wa kweli, naye kijana anaanza kuelewa kwamba aliletwa kuwa pazia: mume amshuku yeye, asimshuku mwenzake. Kila mmoja anaondoka na kitu chake na hakuna aliyeaibishwa. Mwisho msimulizi anasema alitafuta funzo la kisa chote hiki na hakuliona. Wasomaji wanaotaka mwanamke aadhibiwe kwa ujanja wake watakasirika. Mimi namwona Madame de T. ndiye mwanafalsafa pekee kati ya hawa wote ambaye nadharia yake imemletea alichokitaka.

*Ugumu.* Inasomwa kwa kikao kimoja. Lugha ni laini, kila kitu kinadokezwa. Ukisoma haraka hutaona kilichotokea.

*Humfaa nani.* Mwenye jioni moja tu.

Les Liaisons dangereuses (1782)

Pierre Choderlos de Laclos alikuwa ofisa wa mizinga. Aliandika riwaya ya barua 175, na ndiyo iliyodumu kuliko zote.

*Chumba na ufunguo.* Nimeshaonyesha ufunguo wa droo. Aliyemtonya mama ni Madame de Merteuil, mwanamke ambaye Cécile anamwamini kuliko mama yake. Ufunguo wa pili ni wa mlango. Katika barua ya 84 Valmont, bwana mtongozaji aliye mshirika wa Merteuil, anamfundisha Cécile jinsi ya kuuiba ufunguo wa chumba chake mwenyewe, ambao mama huuweka juu ya jiko la kuotea moto: auondoe, aweke mwingine unaofanana, wenye utepe wa buluu uliopauka kama wa kwanza, na apake mafuta kitasa na bawaba kwa unyoya. Anaambiwa ni kwa ajili ya kupitishia barua za mpenzi wake. Anayeingia usiku ni Valmont, na kinachofuata ni ubakaji, ingawa yeye anausimulia kwa dhihaka. Mpangilio huo wa mafuta na unyoya unanitisha kuliko tukio lenyewe.

Merteuil naye ana nyumba ndogo yake, jambo ambalo kwa desturi lilikuwa la wanaume. Katika barua ya 10 anajiandaa kumpokea mpenzi wake huko kwa kusoma: sura moja ya riwaya ya kilibertini, barua moja ya Héloïse, visa viwili vya La Fontaine, apate sauti mbalimbali za kuigiza.

*Nani anafikiri.* Barua ya 81. Merteuil anasimulia alivyojifunza peke yake tangu usichana: kutabasamu huku akijiumiza kwa makusudi ili uso usimsaliti, kusoma riwaya ajue watu wanafanya nini, wanafalsafa ajue wanafikiri nini, na walimu wa maadili wakali kuliko wote ajue wanawake wanadaiwa nini. Anamwambia Valmont kwamba amezaliwa kulipiza kisasi cha jinsia yake na kuitawala ya wanaume. Hapa hakuna padri wa kumhadhiria. Amejifundisha.

Msomaji wa pwani atamkumbuka kungwi, kwa kuwa Merteuil anajitolea kumfunda Cécile. Ila kungwi humfunda mwali aingie ndoa na kuimudu; huyu anamfunda jinsi ya kuizunguka, na kwa faida yake mwenyewe. Kisasi cha jinsia yake kinawaangukia hata wanawake wenzake wawili.

Madame Riccoboni, mwandishi mashuhuri wa riwaya, alimwandikia Laclos mwaka huo huo wa 1782 akilalamika kwamba Merteuil anawadhalilisha wanawake na Wafaransa. Laclos alijibu kwa adabu na wakaandikiana mara kadhaa. Mwaka uliofuata alianza insha kuhusu elimu ya wanawake, na hoja yake ilikuwa kali: penye utumwa hapawezi kuwa na elimu. Ukisoma insha hiyo kando ya barua ya 81, Merteuil anaonekana kwa sura nyingine. Mwisho wa riwaya Laclos anampiga kwa ndui, anampofusha jicho moja, anamnyang'anya mali kwa kesi na kumkimbiza Uholanzi. Ni adhabu nyingi mno kwa wakati mmoja. Naiona kama mwandishi aliyeogopa kiumbe wake.

*Ugumu.* Ni ndefu, na kurasa 50 za kwanza zinakuchanganya majina. Haina maneno ya wazi, lakini ina ukatili.

*Humfaa nani.* Mwenye muda, na mwenye watu wa kubishana nao.

Kabla hujachagua

Kuna atakayeuliza: Sade, mwandishi mkali kuliko hawa wote, yuko wapi? Kitabu chake cha 1795 kina falsafa na boudoir kwenye jina lenyewe, na ndiyo maana watu hukimbilia hicho kwanza. Nimekiacha nje. Mwanafunzi humo ni msichana mdogo na somo linaishia kwenye mateso, tena Sade anaandika akiwajibu waliomtangulia. Bila Thérèse hutajua anamjibu nani.

Kama uko Lubumbashi, Goma au Bujumbura na Kifaransa ni lugha yako ya shule, soma asili. Hakimiliki zimekwisha zamani na matini yanapatikana bure mtandaoni. Uliyesomea Dar au Nairobi utategemea Kiingereza. Liaisons ina tafsiri kadhaa nzuri, Point de lendemain imetafsiriwa na Lydia Davis, na La Petite Maison nayo ipo.

Una jioni moja na hujui kama aina hii ya fasihi itakufaa: Denon. Usipompenda umepoteza saa moja.

Unaandika tasnifu kuhusu Mwangaza, dini au udhibiti wa vitabu: Thérèse, pamoja na Darnton. Kama maandishi ya wazi ya kitandani yanakukera, anza na vipande alivyovichagua Darnton uone kwanza.

Kinachokuvuta ni nyumba, vioo na jinsi chumba kinavyomfanya mtu aseme ndiyo: Bastide, halafu Denon siku inayofuata. Ukivisoma viwili hivyo kwa kufuatana utaona vioo vile vile vikifanya kazi kwa mabwana tofauti, na utaona Denon alivyompa mwanamke kazi ya Trémicour.

Kikundi cha kusoma chenye wanaume na wanawake: Liaisons, bila kusita, barua zigawanywe zisomwe kwa sauti. Waonye wanakikundi kuhusu barua za 96 na 97 kabla ya kikao, kwa maana kila upande unasimulia usiku ule ule na si kila mtu atataka kuusikia ukisomwa. Tenga kikao kizima kwa ya 81.

Na kama uliiona filamu ya 1988 iliyotokana na Liaisons ukadhani umemaliza, rudi kwenye barua ya kwanza, pale kwenye meza ya kuandikia na ufunguo wake. Mama hatauomba hadi barua ya 61.